Siku Mama Mkwe Alipoingia Jikoni

Mama mkwe wangu aling'olewa meno yote yaliyokuwa yamebaki kinywani mwake, na kwa sababu hiyo akaja kuishi kwetu Machakos. Meno yalikuwa yamemsumbua miaka mingi. Huko kwake Ekalakala alikuwa akiyatibu kwa karafuu na maji ya chumvi, na tukimpigia simu kumwuliza hali anasema ni jino moja tu, litatulia. Halikutulia. Mwishowe shavu lilivimba hadi jicho likafunga, na mke wangu akaenda kumchukua bila kuomba ruhusa. Daktari wa meno hapa mjini alimwangalia akasema yote yametikisika, hakuna la kuokoa. Yangetolewa kidogo kidogo, fizi zipone, kisha apimwe meno ya bandia. Hiyo ilikuwa kazi ya wiki kadhaa, na hakuna mtu mwenye huruma ambaye angemsafirisha kwenda na kurudi na mdomo katika hali ile.

Mke wangu alinieleza mambo hayo nje, karibu na kamba ya nguo, kwa sauti ya chini, kwa sababu alijua uzito wake. Kwetu sisi Wakamba mama mkwe halali nyumbani kwa mume wa binti yake. Kuna haya ya heshima kati ya wawili hao, tunaiita nthoni. Babu yangu akimwona mama mkwe wake anakuja njiani alijitosa kichakani akasubiri apite, na yule mama akimwona kwanza, alijifunika uso kwa leso. Hawakuwa na ugomvi wowote. Ndivyo walivyoheshimiana. Siku hizi tumelegeza kamba, tunasalimiana, tunakaa chini ya hema moja kwenye harusi, lakini mimi kwa miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nikimsalimu mama huyu huku nimeinamisha macho. Nilivijua viatu vyake kuliko nilivyoujua uso wake.

"Atalala chumba cha watoto," mke wangu alisema. "Wako shule ya bweni. Na wewe utaishi tu."

Wiki ya kwanza niliishi vizuri. Mke wangu ni muuguzi na alikuwa amechukua likizo, kwa hivyo yeye ndiye aliyekuwa akipika uji, kupoza uji, kumpelekea mama yake uji chumbani. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu karibu na dirisha la sebuleni, ninakofanyia kazi. Nachora ramani za nyumba za watu. Mama mkwe akipita kwenda uani, mimi nilijifanya nimezama kwenye rula. Yeye naye alijitanda shali hadi puani, kwa haya zake mbili: ya mkwe na ya kukosa meno.

Likizo iliisha. Asubuhi ya kwanza mke wangu alipoenda kazini nilipika uji mwenyewe, nikaujaza kwenye chupa ya chai, nikaiweka mezani pamoja na kikombe na sukari, nikatoka nje, nikasimama karibu na dirisha la chumba cha watoto na kuuambia ukuta kwamba uji uko tayari. Kisha nikaenda dukani kununua kitu ambacho hatukukihitaji, ili nimpe nafasi ya kunywa.

Saa sita simu yangu ikalia. Mke wangu akaniambia mama amesema uji una mabonge. Nikamwambia amwombe radhi. Baada ya muda akapiga tena: mama anasema si neno, ila kama kuna limau. Nikasema liko kwenye kikapu, chini ya vitunguu. Basi ndivyo tulivyoishi siku tatu au nne. Mama mkwe alikuwa chumbani, mimi sebuleni, kati yetu mlango mmoja wa mbao, na maneno yetu yote yakipitia wodi ya akina mama huko hospitalini. Siku moja mke wangu alinipigia kuniuliza kama nimemaliza kutumia bafu, maana mama alikuwa akisubiri, na kwa nyuma nilisikia mtoto mchanga akilia.

Jioni hiyo alirudi amechoka, akatuita wote wawili. Alisimama katikati ya sebule na viatu vya kazi bado miguuni.

"Mimi si redio ya mtu," alisema. "Kesho simu nitaiweka kwenye mkoba. Mkitaka kitu, ulizaneni."

Mama mkwe alitazama sakafu, nami nikaitazama pia.

Kesho yake ndipo nikakumbuka ile mashine. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa ameileta alipokuja kutoka ng'ambo alikofanya kazi, na tangu siku hiyo ilikuwa juu ya kabati ndani ya boksi lake. Ni jagi kubwa la chuma, lina kifuniko kizito chenye injini, na chini ya kifuniko kumening'inia kisu kidogo. Unakatakata vitu vyako, unatia maji, unafunika, unabonyeza. Inachemsha yenyewe, kisha inasaga yenyewe. Hatukuwahi kuigusa kwa sababu kwetu supu ni mifupa, na hakuna mtu mwenye akili anayetia mfupa kwenye kitu chenye waya. Lakini mama alikuwa amenywa uji asubuhi, mchana na jioni hadi nikaanza kumwonea huruma. Anapenda kula mtu yule. Mke wangu aliwahi kunisimulia jinsi mama yao alivyokuwa akimaliza shingo ya kuku hadi mfupa wenyewe unabaki mweupe.

Nilikuwa na malenge nusu, viazi, karoti, kitunguu na kipande cha tangawizi. Nilikata kila kitu nikatia. Kulikuwa na mstari ndani ya jagi, lakini nilipofika kwenye mstari bado malenge yalikuwa mengi kwenye sinia, na niliona ni uchoyo kuyaacha. Nikaongeza, nikamimina maji, nikafunika kwa nguvu, nikabonyeza.

Kwa muda mrefu ilikaa kimya ikichemka, nami nikarudi kwenye meza yangu nikiwa nimejaa fahari. Kisha ikaanza kusaga. Sijui niifananishe na nini sauti ile. Ilikuwa kama mtu anakata bati ndani ya debe. Nilipofika jikoni, supu ya rangi ya chungwa ilikuwa ikifoka pembeni mwa kifuniko, ikiteremka kwenye meza na kuingia kwenye droo ya vijiko. Nikabonyeza kitufe, haikusikia. Nikabonyeza kingine, ikaongeza kasi. Nilitaka kuushika mpini lakini ulikuwa umelowa supu ya moto. Nilikuwa nazunguka tu na taulo mkononi wakati mkono wenye bangili ya shaba ulipopita kando ya bega langu, ukazima swichi ya ukutani.

Kukawa kimya. Mama mkwe alikuwa amesimama jikoni kwangu, bila shali.

"Baba," alisema, "umejaza mno."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mimi mwenyewe, uso kwa uso, mbali na salamu. Kwa sababu ya fizi yalitoka yakipuliza upepo, na kwa sababu ya kupuliza upepo nilitaka kucheka, na nilipomtazama niliona yeye pia anajizuia. Akashindwa kwanza. Alicheka huku ameshika shavu kwa maumivu, akiniashiria nisimchekeshe zaidi, na mimi nilikuwa sijasema lolote.

Nilimwambia aache nitapangusa mwenyewe. Alichukua kitambaa akaanza upande wa dirisha, nami nikaanza upande wa mlango, tukakutana kwenye droo ya vijiko. Iliyobaki ndani ya jagi ilitosha bakuli mbili. Nilitaka kumpelekea yake chumbani kama desturi yetu, lakini tayari alikuwa amevuta kigoda akakaa. Alionja, akafikiri, akaonja tena.

"Haina chumvi," alisema.

Kweli sikuwa nimetia. Nikampa kopo, akatia ya kwake, kisha, bila kuuliza, akatia na yangu.

Kutoka siku hiyo mchana ukawa wetu. Hakuacha heshima yake. Aliketi upande wake wa jiko na mimi upande wangu, na hakuna aliyemtazama mwenzake anapotia kijiko mdomoni. Lakini aliongea. Kwanza aliikosoa mashine. Alisema supu bila mfupa ni maji ya kuosha sufuria, na akanituma buchani. Nilirudi na mifupa ya ng'ombe, tukaichemsha nje kwenye jiko la makaa tangu asubuhi hadi uboho ukatoka, tukachuja, kisha ule mchuzi ndio tukautia kwenye jagi pamoja na ndengu zilizolowekwa, vitunguu na dania. Mara hii tulisimama kwenye mstari. Ilipomaliza kupiga kelele akafungua kifuniko, akanusa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa fumbo.

"Hii mashine haipiki," alisema. "Inatafuna."

Na mtu asiye na meno anataka nini kingine? Alipoiona hivyo, hakukuwa na kitu ambacho hakikuingia mle ndani. Tulitia kunde. Tulitia mbaazi na viazi vitamu. Siku moja alisema anatamani muthokoi hadi anauota. Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, chakula cha kwetu, na ni chakula cha kutafuna kwelikweli. Kukisaga kiwe supu ni jambo ambalo sidhani kama kuna Mkamba aliyewahi kulifanya. Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema mimi nichunge mlango tu. Mashine ilinguruma, ikakwama, ikanguruma tena, na kilichotoka kilikuwa kizito kama saruji yenye rangi ya kijivu. Alikula bakuli mbili. Mimi nilikula moja kwa heshima, na nitasema ukweli, ilikuwa tamu ukifumba macho.

Kelele hizo za kila mchana zilimleta jirani yetu, mama mmoja Msomali ambaye mume wake huuza mbuzi. Alibisha hodi na kuuliza kwa upole kama tumefungua karakana. Nilimwonyesha jagi. "Kumbe ni chakula!" alisema, na kabla ya jua kutua alirudi na bizari yao ya nyumbani ndani ya karatasi, akaeleza tutie kijiko kidogo mwanzoni pamoja na vitunguu. Mama mkwe hakuwa na Kiswahili kingi na jirani hakuwa na Kikamba, lakini walikaa jikoni wakinusishana viungo hadi mimi nikaenda kumalizia ramani ya mtu.

Kinachofanya mtu aongee, nadhani, ni kusubiri. Supu inachukua karibu nusu saa, na katika nusu saa hiyo hakuna cha kukoroga wala cha kugeuza, mnakaa tu mkiitazama kama watu walio kwenye benchi la zahanati. Hapo ndipo aliponisimulia siku nilipokwenda kwao mara ya kwanza kuposa. Yeye alikuwa jikoni, kama ilivyo desturi, lakini alinichungulia kupitia ufa wa ukuta, akamwambia mume wake kwamba kijana ana adabu lakini ni mwembamba mno, huenda asifike mbali. Marehemu akamjibu kwamba wembamba unatibika.

"Na sasa unaona, Mama?" nilimwuliza.

Alinitazama tumbo, akageuka kuitazama mashine. "Marehemu alikuwa mtu wa kweli," alisema.

Mke wangu, akirudi kutoka kazini, alikuta vyombo vimeoshwa na sisi tunajadili kama nyanya zitolewe maganda au zisitolewe. Alitusikiliza kwa muda mfupi kisha akasema amekosa la kufanya, akaenda kulala. Nilijua amefurahi kwa sababu nilimsikia akiimba chumbani.

Kisha Jumamosi moja wakaja wageni. Walikuwa wanawake watatu kutoka Ekalakala, wa kikundi cha kanisa cha mama mkwe, na aliyewaongoza alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, ambaye mke wangu humwita shangazi na wote humwogopa kidogo. Walikuwa wanakuja kumwona mgonjwa. Mke wangu alipangwa kuwa nyumbani, lakini mwenzake wa zamu akaugua na ikabidi aende yeye. Nilisema nitaagiza kuku wa kuchoma mjini. Mama mkwe akakataa kabisa. Alitaka wale supu, supu ile ya ndengu na mchuzi wa mifupa, pamoja na chapati. Nadhani alikuwa amejisifu kwenye simu.

Mpango wetu ulikuwa kwamba wageni wakifika, mimi nitakuwa sebuleni kama mwenye nyumba na yeye atakuwa amekaa nao kama mgonjwa, na supu itakuwa tayari mezani, na hakuna atakayeuliza imetoka wapi. Walifika, wakasalimia, wakaketi. Nikangoja mashine ianze kusaga jikoni, haikuanza. Nikaenda kuangalia. Taa yake ilikuwa imezimika, na ya friji pia. Stima ilikuwa imepotea.

Nilikuwa bado nimeikodolea macho Mama mkwe aliponifuata, akiwa amewaambia wageni anatafuta dawa yake. Aligusa jagi, akasema ndengu bado ngumu. Bila kupoteza wakati tukaimwaga yote kwenye sufuria, tukaiweka kwenye gesi. Ilipoiva bado ilikuwa ndengu nzima na vipande vya karoti, chakula ambacho yeye mwenyewe hangeweza kukila, na alikuwa amewaahidi wenzake kwamba inatelemka yenyewe. Akachukua chujio kubwa la unga, akalishika juu ya sufuria nyingine kwa mikono miwili.

"Sukuma na mwiko," alisema.

Nikasukuma. Ni kazi ngumu, ukilegea haishuki, ukikaza inaruka. Tulikuwa tumeinama pamoja, vichwa vyetu karibu vigusane, mvuke ukitupanda usoni, na mimi nimekunja mikono ya shati langu jeupe, wakati niliposikia mtu akivuta pumzi mlangoni. Shangazi alikuwa amekuja kutafuta maji ya kunawa.

Aliweka kiganja juu ya mdomo. Mwiko uliniganda mkononi, na nilihisi joto limenipanda masikioni ambalo halikutoka kwenye sufuria. Nilikuwa natafuta njia ya kutoka, lakini mlango ulikuwa mmoja na yeye ndiye aliyekuwa ameuziba. Mama mkwe hakuinua hata kichwa.

"Wifi," alisema, "nipokezee hapa, mikono imechoka. Na wewe, Baba, usisimame, itapoa."

Shangazi alikuja akashika chujio. Sijui kama ni kwa mshangao au kwa mazoea ya kutii kazi ya jikoni. Tukamaliza watatu.

Mezani Shangazi alisubiri hadi sala ikaisha. Kisha akauliza, kwa sauti ya mzaha lakini macho hayakuwa ya mzaha, kama hapa Machakos nthoni imekwisha. Wale wawili wengine waliinamia bakuli zao. Mimi nilikuwa nimekaa mwisho kabisa, kwenye kiti cha plastiki, nikitamani simu ilie.

Mama mkwe aliweka kijiko chini. Akaondoa shali usoni taratibu, akiwaonyesha wenzake kwa mara ya kwanza kinywa chake kilivyo.

"Haijakwisha," alisema. "Lakini mwanaume huyu ananilisha kila siku tangu meno yang'olewe. Anasimama jikoni kwa ajili yangu. Nikimficha uso, huo uso nitaupeleka wapi kula?"

Kisha mmoja wa wale wanawake akasema chapati ni laini, akauliza unga gani, na maongezi yakaanza kutembea tena. Shangazi alikula polepole, bila kuniangalia. Alipomaliza alisukuma bakuli upande wangu, inchi chache tu, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anaomba nyingine. Nilimjazia. Wakati huohuo stima ikarudi, na jagi, ambalo hakuna aliyekumbuka kulizima, likaanza kusaga hewa tupu jikoni. Wageni wote watatu waliruka. Mama mkwe ndiye aliyewaeleza, akicheka hadi machozi, kwamba huyo ndiye mtafunaji wake.

Nilipomsimulia mke wangu jioni, alinifanya nirudie mara kadhaa sehemu ya shali. Kisha akaenda kukaa na mama yake, nami nikawaacha.

Meno ya bandia yalikuja mwishoni. Siku ya kwanza aliongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na wakati wa kula aliyavua akayatia kwenye kikombe, akidai yanamzuia kuonja. Daktari alimtaka avumilie. Alivumilia kwa mkate, akavumilia kwa ndizi, na asubuhi moja nilimkuta uani peke yake akijaribu njugu, moja moja, uso umekaza kama mtu anayefanya mtihani. Alipoona nimemwona alinipa konzi nzima ya njugu.

Tulimrudisha kwao kwa gari la kuazima. Mashine ilibaki, kwa sababu kwake ana sola ya kuwasha taa na kuchaji simu tu, na mashine ile ingemaliza nguvu yote kabla maji hayajapata moto. Tulipofika mke wangu alikuwa na uchovu wa zamu ya usiku. Aliketi kwenye kiti cha marehemu baba yake, na kabla chai haijaiva alikuwa amelala.

Katika miaka yangu yote ya kufika boma lile sikuwahi kupita sebule na kivuli cha mwembe wa wageni. Mama mkwe alinitazama, akamtazama binti yake aliyelala, akachukua jembe lililoegemea ukuta.

"Njoo nikuonyeshe shamba," alisema.

Alitangulia, mimi nikifuata. Alinionyesha matuta ambayo yeye na mume wake waliyachimba walipokuwa vijana, akataja ni lipi lilibomoka mwaka gani na nani alisaidia kulirudisha. Alinionyesha mpaka na mkonge uliokuwa ukimaanisha mpaka, akalalamika kidogo kuhusu jirani. Alinionyesha mbaazi zilizoanza kutoa maua na mahali ambapo anataka kupanda mapapai mvua ikinyesha. Huko juu nilisikia mke wangu ameamka, anatuita. Mama mkwe alipungia mkono kuelekea nyumbani bila kugeuka, akaendelea kuteremka kuelekea mtoni, akieleza jambo kuhusu mchanga, na mimi nikaharakisha ili nisipitwe na maneno.